Neno la Uongo Kwenye Kadi Yako ya Kliniki

Damari,

Shikamoo yako utanipa kesho asubuhi, nami nitaitikia marahaba mbele ya mume wako na mabegi yako kama vile hakuna kitu. Leo sina nafasi ya salamu. Kwenye kadi yako ya kliniki kuna neno moja la uongo, na aliyelitia humo ni mimi.

Sasa hivi ni alasiri, mko kanisani, kwaya inakuaga. Nawasikia mpaka hapa nyumbani. Sauti yako iko juu ya zote, na najua umesimama, na najua hakuna aliyekuletea kiti na hiyo miguu yako ilivyovimba. Nimejifungia chumbani nikuandikie. Nilitaka kukuambia kwa mdomo, nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza niliishia kukugombeza kwa sababu ya ndoo. Mara ya pili nikakugombeza kwa kuvaa viatu vya kubana. Mara ya tatu hukuwa umefanya lolote na bado nikakugombeza. Mdomo wangu unaujua ulivyo. Kalamu angalau haipigi kelele.

Usitegemee barua ya kukufundisha kupika wala kumtunza mume. Elia ana mikono miwili, ajitunze. Mambo ya mashuka na mafuta ya taa utayajua mwenyewe ukifika Mikumi. Mimi nina jambo moja tu.

Ile siku ya kliniki, nesi alikufunga kitambaa cha presha mkononi, akapuliza, akatazama, akapuliza tena. Akasema imepanda kidogo, si ya kutisha, ila usikose kupimwa kila wiki. Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari, "Mama yako mzazi aliwahi kupata presha ya mimba? Au kifafa cha mimba?" Ukanigeukia huku unacheka, "Mama, unaulizwa wewe." Nikamwambia nesi, "Hapana. Mimi nilijifungua salama." Akaandika: Hapana.

Nilijifungua salama, hilo ni kweli. Nilizaa kaka zako wawili bila hata kulazwa siku ya pili. Lakini wewe, Damari, sikukuzaa mimi.

Kama umesimama, kaa chini. Usianze kulia, maana ukianza hutasoma yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo ninayoyataka uyasome.

Ningeendelea kunyamaza, nakuambia ukweli. Nilishazoea. Lakini Jumapili iliyopita mama mkwe wako alikuja kukuona, akakaa kwenye kiti changu, akamenya machungwa yangu, akaanza hadithi. Simpendi yule mama na sitajifanya. Alitazama miguu yako akasema, "Huyo ni mtoto wa kiume, wa kiume ndio wanaovimbisha." Akakupa kile kifurushi cha mizizi cha kupunguza uvimbe. Kisha akasimulia habari za mwanamke wa Kidodi aliyeshikwa na degedege akiwa katika uchungu.

"Walimwambia ataje aliyetembea naye," akasema. "Akakaza meno. Basi akaenda na siri zake."

Na wewe, mtoto niliyekulea mimi, niliyekusomesha mpaka kidato cha nne, ukacheka! Ukasema, "Si angetaja tu, mama, akapona?"

Niliinuka nikaenda jikoni. Mlisikia sufuria ikianguka. Haikuanguka, niliitupa. Nilitamani kurudi nikuzabe kibao mbele ya huyo mkwe wako, halafu nikajua kwamba kibao hicho ni changu mimi, si chako. Wewe ulicheka kwa kutojua. Ukimcheka huyo wa Kidodi, ulimcheka na mama yako.

Na ile mizizi usiitafute. Haikupotea, niliitumbukiza chooni.

Mama yako anaitwa Yunisi. Alikuwa mdogo wangu, aliyenifuata ziwa. Picha yake ulishaiona ndani ya Biblia yangu, yule msichana mwenye gauni la mistari, nikakuambia ni ndugu yangu aliyekufa kwa homa. Mwembamba, mcheshi, ana mdomo kama wako wa kujibu kabla hajaulizwa. Sisi tulikulia milimani, tukasoma shule ya misheni, yeye nyuma yangu madarasa matatu. Baba yetu alimpenda yeye. Mimi nilichota maji, nilisaga, nilibeba kuni, yeye akiimba baba anaacha jembe kumsikiliza. Nilimwonea wivu tangu siku alipojifunza kutembea. Hilo sijamwambia hata mchungaji.

Akaolewa na mtu wa reli hapa Kilosa. Walikaa mtaa wa Mabwerebwere na mama wa huyo mume. Kazi yake mume ilikuwa ya kusafiri na treni, wiki hii Dodoma, wiki ijayo Tabora. Yunisi hakuweza kukaa bure, akawa anakaanga maandazi anauza stesheni. Basi, mwanamke mzuri, mume hayupo, anauza maandazi huku anacheka na abiria. Unafikiri watu walisema nini? Walimpa wanaume mpaka wakakosa majina. Mimi nilikuwa nimeolewa hapa hapa mjini na niliyasikia yote. Sikumtetea hata mara moja. Nitakuambia neno baya zaidi: yalinifurahisha. Nikasema moyoni, huyo ndiye kipenzi cha baba.

Akapata mimba, yako. Mwezi wa nane akaanza kuvimba. Kwanza miguu, nikasema kawaida, hata mimi nilivimba. Kisha mikono, pete ikakwama kidoleni, tukaitoa kwa sabuni. Kisha uso, asubuhi anaamka macho yamekuwa madogo kama ya mtu aliyelia kutwa nzima. Mkwe wake akasema mtoto wa kiume. Maneno hayo hayo, Damari! Kama vile wameyaazimana.

Akaja kwangu siku moja akasema, "Dada, kichwa kinaniuma kama kimefungwa kamba."

Nikamjibu, "Acha kudeka."

Wiki iliyofuata akasema anaona vimulimuli. Mchana kweupe, yuko stesheni, anaona vimulimuli vinamruka mbele ya macho. Nikamwambia ni jua hilo, na maandazi yake hayo. Akasema hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu, panamuuma. Nikamwambia ni kiungulia, mtoto ana nywele nyingi. Kila alichosema nilikuwa na jibu. Mimi si nilishazaa wawili? Nilijiona mkunga mkuu wa wilaya nzima.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Nimeweka kalamu chini mara mbili kabla ya kuandika hapa.

Waliniita asubuhi mapema, uchungu ulikuwa umeanza. Nikamkuta kwenye kitanda cha kamba, uso umemvimba, anashika kichwa wala hashiki tumbo. Nikasema, "Twende hospitali." Mkwe wake akasema, "Mimba ya kwanza hiyo, haraka ya nini? Mtampeleka akae kwenye benchi." Nikakubali. Kutoka pale mpaka hospitali, Damari, ni mwendo wa kutoka hapa kwetu mpaka sokoni. Nilizaa huko mimi mwenyewe mara mbili. Njia niliijua.

Jua lilikuwa bado halijafika mlangoni alipokakamaa. Macho yalipanda juu, taya likakaza, mwili ukatikisika mpaka kitanda kikasogea ukutani. Povu likamtoka. Kisha akalegea, akawa anakoroma. Sisi tukaruka nyuma kama tumeona nyoka.

Mkwe wake akasema, "Nilijua. Ana mtu. Ataje, la sivyo mtoto hatoki na wote wawili watakufa." Huo ndio mtindo wa wazee, na wewe umeusikia Jumapili: mwanamke akipata uchungu mgumu eti ametembea nje, na mtoto anafungwa tumboni mpaka mama amtaje huyo mwanamume. Akanigeukia mimi. "Wewe dada yake. Wewe hatakudanganya."

Ningeweza kukataa. Nilisoma mpaka darasa la nane. Nilifundisha watoto shule ya Jumapili. Nakuapia sikuamini mambo hayo, nilikuwa nayacheka. Lakini siku ile nilitaka kusikia. Miaka yote wivu umenikaa rohoni, sasa kipenzi cha baba yuko mbele yangu, na nimepewa ruhusa ya kumuuliza. Ndivyo ilivyokuwa. Sitaipamba.

Nikapiga magoti nikamshika kidevu. "Yunisi, taja."

"Dada, kichwa."

"Taja mtoto atoke."

"Dada, sioni. Mbona pamekuwa giza?"

"Taja, Yunisi! Unataka kumuua mtoto?"

Akawa analia bila machozi, ulimi ameuuma, damu mdomoni. Nikamwambia, basi usiseme jina, itikia tu kwa kichwa. Ulitembea na mtu? Akaitikia kwa kichwa.

Mtu aliye katika hali ile angeitikia chochote. Ningemuuliza kama yeye ndiye aliyeijenga reli, angeitikia. Lakini mkwe wake akashusha pumzi, akasema, "Haya, limetoka, sasa atazaa." Na sisi tukakaa. Umenielewa? Tukakaa chini tukasubiri ungamo lifanye kazi. Mimi nikapika uji. Kila nikikumbuka ule uji, nikikumbuka kwamba nilitafuta hata mwiko nikaukoroga vizuri usishike mabonge, najichukia upya.

Akakakamaa mara ya pili. Ya tatu ikaja juu ya ya pili. Hapo ndipo nilipopiga yowe, majirani wakaja, tukampakia kwenye mkokoteni wa mtu wa mkaa tukaenda mbio. Tulifika haraka sana. Ndilo jambo linalonitesa, jinsi tulivyofika haraka. Nesi aliyetupokea akapima presha, akaita wenzake, wakamchoma sindano, wakamkimbiza ndani. Akatoka kuniuliza, mkali kabisa, "Mmekaa naye wapi mpaka saa hizi? Mnatokea kijiji gani?"

Nikasema, "Mabwerebwere."

Akanitazama. "Mabwerebwere hii hapa?"

Nikasema ndiyo.

Wewe walikutoa mzima, mdogo, unalia kwa hasira. Mama yako hakufumbua macho tena. Alikufa siku hiyo hiyo kabla jua halijazama, na karatasi ikaandikwa kifafa cha mimba. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia maneno hayo.

Baba yako mzazi alirudi na treni tumeshazika. Mama yake akamweleza habari za kile kichwa kilichoitikia. Akanifuata akaniuliza, taratibu tu, "Shemeji, ni kweli aliitikia?" Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba mke wake hakujua hata yuko wapi. Nikamjibu, "Aliitikia." Sikuongeza neno. Yule bwana hakukutazama hata mara moja. Aliomba uhamisho akaondoka, na kama yu hai sijui yuko wapi. Una pua yake, Damari. Una masikio yake yale yaliyosimama. Mtu yeyote angeona, kama angekutazama.

Kwa hiyo nilikunyima wawili kwa swali moja. Nikakuchukua. Mume wangu, huyo uliyemzika kama baba yako, alikubali bila maneno, akanifunga kwa ahadi moja tu, kwamba siku moja nitakuambia. Tukahamia Dumila ukiwa huna hata jino, tukaanza kuuza chakula pale kwenye mabasi, mahali ambapo hakuna aliyemjua Yunisi. Ulidhani tulifuata biashara. Tuliporudi Kilosa, reli ilikuwa imeshapunguza wafanyakazi, nyumba za Mabwerebwere zimejaa watu wageni, waliojua wamekufa au wametawanyika. Nikashukuru. Watu wanalia wameachishwa kazi, mimi nashukuru! Huyo ndiye anayekuandikia.

Sasa nisikilize kuhusu kutafuta sababu, maana hilo ndilo nililofanya maisha yangu yote uliyonifahamu, na hukujua.

Kwanza nilimtafuta yule mwanamume. Si aliitikia? Basi yupo. Nilikwenda stesheni nikawa nawatazama, mpiga tiketi, wachukuzi, muuza kahawa, nikitafuta atakayeinamisha macho. Wote waliinamisha, nilikuwa nawatazama kama mwendawazimu. Hakuna aliyejua hata jina lake. Walimjua kwa maandazi.

Kisha nikamgeukia mkwe wake. Nikasema huyo bibi ndiye amemloga. Sikumwamkia tena mpaka anakufa. Mzee kama yule, napita mbele yake kweupe, sisemi shikamoo. Watu walishika midomo. Alikufa amenisubiri nimwamkie, naye nadhani alijua kwa nini, maana hakuwahi kunishtaki kwa mtu.

Kisha ikaja chumvi. Mama mmoja Dumila aliniambia presha ya mimba inaletwa na chumvi, na nikakumbuka Yunisi alivyokuwa analamba chumvi na ndimu. Haya! Tangu siku hiyo mboga ya nyumba yangu ilikwisha utamu. Ulikua ukilalamika. Kaka zako walificha chumvi kwenye kiberiti wakifikiri sijui. Bidhaa zilipoadimika, watu wanapanga foleni ya chumvi na sukari, mimi sipangi. Biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa kila kitu, chumvi ya pakiti na nembo yake, bado hamkuionja kwangu. Mkasema mama bahili. Nilikuwa nakulinda wewe, kwa sufuria.

Nikaacha chumvi nikashika mawazo. Siku hizi kila mwenye koti jeupe na kabati la kioo ni daktari, si ndiyo? Pale karibu na stendi kumefunguliwa duka la dawa, kijana mdogo, sauti nyororo. Nikamuuliza, kama naulizia jirani. Akasema, "Mama, hiyo ni mawazo na damu chafu." Akaniuzia chupa ya kusafisha damu. Nikainunua. Mimi, niliyeitumbukiza chooni mizizi ya mkwe wako! Iko chini ya kitanda changu mpaka leo, nayo nitaitupa.

Asubuhi hii, ulipokwenda kuaga kwa shangazi, nilifungua begi lako nikachukua kadi. Nikaenda kliniki. Nilikaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, mimi na mvi zangu, wakasogea kunipisha wakidhani nimemleta mtu. Zamu yangu ilipofika nikafunga mlango nikamwambia nesi yote. Mkokoteni, uji, kichwa kilichoitikia. Nilitegemea anifukuze. Angenitukana ningepumua. Hakunitukana, akavuta kiti.

Nikamuuliza, "Basi ni nini? Nani alimfanyia?"

Akasema, "Mama, hakuna nani."

Akaniambia hata mabingwa wenyewe hawajamaliza kubishana kuhusu chanzo chake. Wengi wanadhani inaanzia kwenye kondo la nyuma. Mimba ikiwa bado changa, mishipa ya kondo haijishiki vizuri tumboni, damu haipiti sawasawa, na baadaye mwili wa mama wote unavurugika, presha inapanda, figo zinazidiwa, ubongo nao. Lakini kwa nini inampata huyu na si yule, hawajui kwa hakika. Wanachojua ni nani wa kuangaliwa zaidi. Mwenye mimba ya kwanza. Mwenye mapacha. Aliye mdogo sana, au ambaye umri umekwenda. Mwenye presha ya tangu zamani, figo, kisukari, au mnene kupita kiasi. Kisha akagonga kadi yako kwa kalamu, taratibu. "Na yule ambaye mama yake mzazi au dada yake aliipata," akasema.

"Na chumvi?"

"Si chumvi."

"Na mawazo?"

"Mawazo yanaumiza, mama, lakini siyo yaliyomuua."

"Na wanaume?"

Akaweka kalamu chini. "Wanaume wana makosa yao mengi," akasema. "Hili halimo."

Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Kama ingekuwa chumvi ningeendelea kuichukia chumvi. Miaka yote nimetafuta mtu wa kumbebesha, na sasa naambiwa Yunisi hakufanyiwa kitu na mtu. Mimba ilimgeuka tu, kama inavyoweza kumgeuka mlokole na mlevi. Kilichoanzisha ugonjwa sikijui na huenda nikafa sikijui. Kilichomchelewesha nakijua. Ni mimi na uji wangu.

Ndiyo maana sitaki upole wako. Najua utasema ah, mama, ulikuwa huelewi. Nilielewa vya kutosha. Mtu akikuambia kichwa kinamuuma, ameshakuambia. Mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine.

Sasa wewe una mimba ya kwanza, presha imeanza kupanda, na unakwenda kukaa chini ya paa moja na mwanamke anayeamini kwamba mgonjwa wa kifafa cha mimba ameficha mtu. Nisingekuacha uende. Nimefikiria hata kuficha viatu vyako. Lakini Elia kazi yake iko huko, na wewe umeshakuwa mke wa mtu, na nesi amesema Mikumi wanapima vile vile, alimradi uende.

Basi utakwenda kila wiki. Mikumi ukifika usisubiri siku ya kliniki ijipange na safari za watu, nenda wiki hiyo hiyo, mkono ufungwe, mkojo upimwe. Miguu ikivimba peke yake, wengi huvimba. Uso ukivimba ghafla, mikono ikijaa, kichwa kikakataa kuacha, ukiona vimulimuli au giza, ukiumwa hapa chini ya mbavu, hospitali saa hiyo hiyo. Usimuulize mtu. Usisubiri Elia amalize kula. Hata ukishajifungua, siku za mwanzo usijione umevuka, nesi amesema inaweza kuja hata hapo. Na mtoto ajaye baada ya huyu, useme tena haya yote upya.

Msomee Elia barua hii. Nataka ajue yeye kabla mama yake hajamjaza maneno. Mwambie hilo lori lake la miwa ndilo litakalokupeleka, usiku au mchana, na kama lina miwa ya Kidodi, miwa ibaki barabarani, ngedere waile. Mama mkwe wako mheshimu, mwamkie, mpikie. Mimi nilimnyima bibi mmoja shikamoo nikidhani nalipiza, wala haikumrudisha mtu. Lakini akileta mizizi, usinywe. Na akikaa kitandani pako siku ile akakuambia utaje, mtazame usoni umtajie Yunisi. Sema, mama yangu ni Yunisi, alikufa hivi hivi huku wanamwambia ataje, nipelekeni hospitali. Sema kwa ile sauti ya kwaya, majirani wasikie.

Nasikia wimbo wa mwisho sasa, mtatoka muda si mrefu. Hutaikuta barua hii leo. Nitaitia ndani ya kadi, na kesho nitakuambia uifungue mkifika. Ningekuwa jasiri ungeisoma hapa, mbele yangu. Utaona nimeogopa nini. Mtoto wa mdogo wako anakuita mama mkubwa. Ni jina zuri, watu wanaitwa hivyo kila siku wakaitika kwa furaha. Mimi nimelikimbia mpaka Dumila na kurudi.

Kadi iko kwenye begi la kijani. Ukiifungua utaona lile "Hapana" limekatwa, na juu yake nesi ameandika: Mama mzazi, Yunisi, alifariki kwa kifafa cha mimba. Aliniambia jina halihitajiki, ugonjwa tu unatosha. Nikamwambia andika. Hatukuwahi kulitaja nyumbani kwetu tangu siku ile, na nilitaka liende nawe mpaka Mikumi.

Kesho utaniita mama ukiwa hujui. Baada ya hapo utachagua mwenyewe, na lolote utakaloniita nitaitika.

Mama yako mkubwa,
Eseli